Barua Mbili za Bi Somoe

Mwanahawa alinipigia simu Jumatano asubuhi kuniambia kwamba mamake, Bi Rukia, amefariki, na kwamba wameshamzika jana yake baada ya alasiri. "Nambari yako nimeitafuta tangu jana," alisema. "Mama hangependa ukose hitima yake." Nilikuwa jikoni kwangu Nairobi, chai inafurika juu ya jiko, wala sikuizima. Nilimjibu yale anayojibu kila mtu, kwamba sote njia yetu ni moja, kwamba Mungu amlaze mahali pema, kisha nikaweka simu chini nikakaa. Sikulia. Huzuni ilikuwepo, lakini kulikuwa na jambo jingine lililoitangulia kifuani. Jambo hilo nimeishi nalo tangu nikiwa kijana. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimepandishwa cheo nalo mara tatu, na hakuna niliyewahi kumwambia. Usiku huo nilikata tikiti ya basi, na kesho yake nikashuka Mwembe Tayari, kule pwani, na mkoba mmoja.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nami nilikuwa na hakika ya kila kitu. Bwana Twahir aliniajiri kwa sababu nilijua Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia kwenye mashine za teleksi, na teleksi zilipokufa alikodi vyumba viwili juu ya duka la uturi, Ndia Kuu, akatia kompyuta mbili, printa moja na modemu moja, akasema sasa anafanya kazi ya barua. Kila nyumba ya pili pale Mji wa Kale ilikuwa na mwana au mume Uarabuni, na binamu yake Bwana Twahir alikuwa na duka Dubai lenye kompyuta sita. Wazo lake lilikuwa jepesi. Kijana wetu aliyeko kule aingie dukani, afungue ukurasa wetu kwenye mtandao, aandike barua yake pamoja na jina la anayemwandikia. Nasi huku tuichape, tuitie bahashani, imfikie mamake kesho yake badala ya wiki tatu.

Kuujenga ukurasa huo ilikuwa kazi yangu. Waliofanya kazi kama hiyo siku zile wengi walitumia lugha nyingine, lakini mimi nilishika niliyoijua. Pascal ilikuwa imekua tangu niliposoma chuoni. Sasa ilikuwa Pascal ya vitu: unaunda kitu ndani ya programu, unakipa mali yake na kazi zake, nacho kinajitegemea kama fundi mwenye sanduku lake la zana. Juu ya hapo palikuwa na kiunzi kilichotengenezwa tayari kwa kazi za mtandao. Mtu akibonyeza kitufe Dubai, kiunzi kilipokea ombi lake, kikalipeleka kwenye kitendo nilichokiandika mimi, na kitendo kikarudisha jibu. Siku ya kwanza nilipoandika jina langu kwenye kisanduku cha ukurasa na likarudi kwenye kioo, "Karibu, Mbeyu," niliruka kitini kwa furaha hadi Bwana Twahir akatoka chumba cha pili kuuliza ni nini kimeanguka.

Bi Rukia ndiye aliyezishika barua zikishatoka. Alikuwa amepita hamsini, mjane, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, na watu walipanda ngazi zetu kwa sababu yake, si kwa sababu ya kompyuta. Wasiojua kusoma aliwasomea yeye, pembeni, kwa sauti ndogo, na neno halikutoka nje ya ule mlango. Nilimwuliza siku moja anawezaje kubeba siri za mji mzima. "Mie husoma kwa mato tu, mwanangu," alisema, akigusa pembe za macho yake. "Masikio huyaziba." Ni yeye aliyeshauri barua isichapwe jina la mwenyewe juu yake, ili ikionekana mezani mtu asijue ni ya nani. Basi programu yangu ilitoa karatasi mbili kwa kila barua: kwanza barua isiyo na jina, kisha kibandiko chenye jina na mtaa. Bi Rukia alitia barua ndani ya bahasha, akabandika kibandiko kilichoifuata, akaweka upande. Baada ya alasiri alijifunga buibui lake akazigawa mwenyewe, Kuze, Kibokoni, hadi kule karibu na Ngome ya Yesu.

Nilikuwa mpangaji wake pia. Chumba changu kilikuwa juu kabisa ya nyumba yake, Kibokoni, kina dirisha moja la mbao linalotazama ua, na kitanda ambacho kamba zake zililegea katikati hata nikawa nalala kama ndani ya mtumbwi. Kodi ilikuwa ya chumba tu, lakini chakula sikuwahi kukikosa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi; Ijumaa pilau; siku za kawaida wali na samaki wa kupaka, pamoja na achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe na kuianika barazani. Mimi ni Mgiriama, Mkristo, nilikuja na mazoea ya sima na mchunga, mboga chungu ya kwetu, naye wiki ya pili alinipikia mchunga, mchungu vile vile, akaula pamoja nami akikunja uso. "Tamu," alisema, na machozi yanamlengalenga. Jioni nililala chali nikiwasikiliza wanawake uani, yeye na jirani zake, wakizungumza mambo ya arusi na bei za sokoni Marikiti. Nilimsikia mara moja akisema juu yangu, hakujua dirisha li wazi: "Huyu mtoto ana akili kama wembe. Na ana haya. Akili na haya hazikai pamoja kila siku." Nilifumba macho nikatabasamu gizani. Sentensi ile bado ninayo. Nimeona watu wakifurahia sifa wasizostahili na nimewahukumu, kisha nikakumbuka.

Mwezi wa sita binamu yule alilalamika kutoka Dubai kwamba ukurasa unakokota. Ilikuwa kweli. Kwa namna nilivyoijenga mwanzo, kila ombi lilipofika programu nzima iliwashwa upya, ikafanya kazi, ikazimwa. Kitabu cha kiunzi kilieleza njia ya pili: kuibadili programu iwe inakaa macho ndani ya seva, ile kompyuta ya Dubai iliyouendesha ukurasa, muda wote, na kupokea maombi mengi kwa pamoja. Mabadiliko yenyewe yalikuwa machache mno. Nilifanya kazi hiyo kwa siku moja, nikaituma Dubai, na ukurasa ukaanza kufunguka kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kitufe. Bwana Twahir alinisifu mbele ya wageni wawili, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, ambao alitaka niwajengee ukurasa wa kufuatilia makontena yao. Sikumwambia kwamba sura ile ya kitabu ilikuwa na kurasa nyingine kumi na moja mbele, zenye onyo, nami sikuzisoma. Niliona zinaeleza mambo niliyokuwa nayajua.

Onyo lenyewe lilikuwa jepesi. Programu inapopokea watu wengi kwa wakati mmoja, kila jambo la mtu mmoja lazima lihifadhiwe ndani ya kitu chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeliweka jina la mpokeaji nje, mahali pa wote, kwa kuwa mwanzo haikudhuru. Sasa mtu akiandika jina la ndugu yake, na kabla barua yake haijahifadhiwa mwingine akaandika jina la mamake, jina la pili lilifuta la kwanza. Katika majaribio yangu yote nilikuwa peke yangu mbele ya kompyuta moja. Na vijana wa Dubai walikuwa wanakuja kuandika Ijumaa, siku yao ya mapumziko, wote pamoja baada ya sala.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, kabla sijamaliza chai, mwanamke alipanda ngazi zetu akitweta. Alikuwa Bi Maryamu. Mwanawe mdogo, Fuad, alikuwa Dubai. Mkubwa, Hemedi, yuko naye hapa. Hakusalimu. Alisimama mbele ya meza ya Bi Rukia.

"Nalikuamini, Rukia," alisema. "Mji wote nalikuamini weye."

"Kuna nini, Maryamu? Keti kwanza."

"Siketi. Mwanangu anaumwa kifua kikuu, yuko hospitali kule huu mwezi wa pili, nami nimeambiwa na muuza mchicha Marikiti! Muuza mchicha!"

Habari ilitoka kipande kipande. Fuad alikuwa amemwandikia Hemedi, kumwambia amelazwa, anatibiwa, atapona inshallah, ila mama asiambiwe wala ukwe wake usijue mpaka amalize dawa, kwa maana mwezi wa Rajabu ilikuwa aje aoe. Barua hiyo Hemedi hakuipata. Ilipelekwa Kuze kwa Bi Somoe, mwanamke ambaye hata hawajuani naye, ndani ya bahasha yenye jina la Bi Somoe. Yeye hakujua kusoma, na Jumamosi ile Bi Rukia alikuwa na haraka, akamwachia bahasha mlangoni. Jirani akamsomea mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa arusi. Walipofika kwenye majina wakajua si yake, lakini walikuwa wameshasikia. Siku hizo watu waliposikia kifua kikuu walinong'ona na ukimwi juu yake. Kufikia Jumapili jioni babake mchumba alikuwa ameirudisha posa.

Bi Rukia alikuwa amesimama. Aliishika meza kwa vidole. "Mimi hutia kama zitokavyo," alisema. "Wallahi Maryamu, sikuisoma. Naliona vibandiko viwili vya Somoe vimefuatana, kila kimoja na barua yake, nikadhani mwanawe kaandika mara mbili."

Hakuna aliyelijali neno hilo ila mimi. Niliinua uso. Kama Bi Rukia angechanganya bahasha, Hemedi angepata barua ya Bi Somoe. Hemedi hakupata chochote, na Bi Somoe alipata mbili. Kosa la mkono hubadilishana vitu. Halizalishi jina mara mbili. Nililielewa hilo pale pale, kikombe mkononi. Nikaurudisha uso kwenye chai. Nilijiambia lazima kwanza nihakikishe.

Nilihakikisha saa saba, Bwana Twahir alipokwenda kusali. Nilizisogeza kompyuta mbili zikae kulia na kushoto kwangu, nikaunganisha zote na programu, nikaandika barua huku na barua kule, jina tofauti kila upande, nikabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Nikaanza kupumua. Mara ya nne vibandiko vyote viwili vilitoka na jina moja. Nilikuwa bado ninavitazama pale Bi Rukia alipoingia na bakuli lililofunikwa sahani. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniona nimenyoosha mikono pande mbili.

"Wapiga kinanda?" aliuliza, na akajitahidi kucheka. "Haya, wacha. Ndoo ule. Mie sitaweza kumeza kitu, lakini weye hukutenda kosa lolote, usikae na njaa."

Nilikula. Ulikuwa wali wa nazi na kamba wadogo. Nilikula wote, mbele yake, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Alasiri Bwana Twahir alituita. Hakuwa mtu mbaya, naandika hili kwa kumtendea haki. Alimwuliza Bi Rukia taratibu, akamsikiliza, kisha akanigeukia. "Mbeyu, nambie kweli. Yaweza kuwa ni programu?" Wale mawakala wa mizigo walikuwa waje Alhamisi. Lakini sidhani niliwafikiria. Nilichofikiria ni uso wake siku ile aliponisifu, na kurasa kumi na moja, na lile neno wembe. Nilisema: "Hapana, bwana. Nimeipima leo hii." Kila neno baada ya lile la kwanza lilikuwa kweli. Nimepima. Leo hii. Bi Rukia alinitazama, si kwa shaka, bali kwa namna mtu anavyomtazama anayemletea habari mbaya kwa upole. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni mato yangu," alisema. "Mtoto kapima. Ni mato yangu, Bwana Twahir."

Hakusubiri kufukuzwa. Alichukua miwani yake na mkoba wake, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Bi Maryamu, akamwangukia miguuni. Mimi nilibaki ofisini, nikafungua programu, nikalihamisha jina la mpokeaji kutoka mahali pa wote nikaliingiza ndani ya kitu chake. Mstari mmoja. Nilivijaribu vitufe mara hamsini kwa mikono miwili na havikukosea tena. Nikaituma Dubai na ujumbe kwamba nimeboresha kasi.

Watu hudhani uongo ni ile siku unayousema. Mimi niliishi nao nyumba moja miezi minne zaidi. Kila asubuhi mahamri yaliletwa. Bi Rukia hakuwa na kazi sasa, alishona kofia, kisha kofia nazo akaziacha, akasema mishono inampotea. Mwanahawa, ambaye alikuwa ameolewa Malindi, alikuja akampeleka hospitali kupimwa. Niliwasikia uani waliporudi. "Daktari asema mato hayana kitu, Mama. Ni ya umri wako tu." Na sauti ya Bi Rukia, tulivu: "Daktari hakuwapo." Jirani alipoleta barua asomewe, kama walivyozoea miaka yote, alimrudisha kwa adabu. Kuna jioni nilishuka ngazi zote nimeshakusudia kumwambia. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ananichambulia dagaa. Alisema, "Waja kuniaga? Nasikia wakutaka Nairobi." Ilikuwa kweli, ule ukurasa wa makontena ulikuwa umenifungulia mlango. Nikasema ndiyo, naja kukuaga. Aliniombea dua ndefu mkono juu ya kichwa changu, nami nikaitikia amina kila aliposita.

Fuad alipona. Alirudi baada ya mwaka akiwa mzima, akaoa kwingine. Yule mchumba alikuwa ameshapelekwa Lamu kwa mume. Najua hayo kwa sababu kila mwaka mpya nilimpigia Bi Rukia simu, na kila Idi nilimtumia leso, naye alinisimulia habari za watu wote isipokuwa zake. Niliwafundisha vijana wengi kazi hii baadaye. Kila mmoja nilimwambia: usipime peke yako, tia watu wawili kwa pamoja, soma sura mpaka mwisho. Waliniona mwalimu mwenye hekima. Hakuna aliyeniuliza nimeipata wapi.

Nyumba ya Kibokoni ilijaa wanawake siku ya hitima. Nilijitanda leso, nikapita katikati yao hadi jikoni, nikamkuta Mwanahawa anamimina kahawa. Amefanana na mamake sasa, hata mwendo. Alinikumbatia, akasema mama alikuwa akinitaja. Nilimwambia pale pale, kabla sijapata nafasi ya kuahirisha tena. Nilimwambia yote: vibandiko viwili, vitufe viwili, niliyojibu nilipoulizwa. Alisikiliza birika mkononi.

"Miaka yote ile," alisema mwishowe, "akipika aliniita nionje chumvi. Hakuiamini tena hata chumvi. Akihesabu rakaa alihesabu na vidole, akirudia. Nalidhani ni uzee." Aliweka birika chini. "Alikufa akijua ni yeye, Mbeyu."

"Nisamehe."

"Waniombaje mie? Mie sikumdhania mamangu jambo siku hata moja." Alinishika mkono juu ya kifundo, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, akanielekeza mlango wa chumba kikubwa. "Wale ndio waliosema. Wapo wanaosema hadi leo. Nenda ukawambie wao."

Waliketi mikekani, labda arobaini, wengine na misahafu mapajani. Waliponyamaza wakidhani mgeni anataka kutoa pole, nilisema naitwa Mbeyu, nilikaa nyumba hii mwaka wa tisini na nane. Nilisema ile barua ya Fuad iliyomtoa Bi Rukia kazini haikupotezwa na Bi Rukia. Programu niliiandika mimi, kosa lilikuwa langu, nililijua siku ile ile nikamwacha yeye alibebe. Sauti yangu ilikuwa inakatika, maneno ya mwisho yalitoka kama pumzi. Kisha ajuza mmoja, ukutani kabisa, aliinua uso akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Huku hatukusikia," alisema. "Sema tena. Anza na jina lake."

Nikaanza na jina lake.